Mkono Ulionipa Filta

Sikulazimishi uamini. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya sikuyasikia barazani wala hayakumkuta rafiki wa rafiki yangu. Yalinikuta mimi mwenyewe, tena jua likiwaka, baada ya sala ya Alasiri, huko Wawi. Najua wasimulizi wa mambo haya hupenda kuweka usiku wa giza na bundi juu ya paa. Mimi bundi sina. Nina kiyoyozi.

Kazi yangu ni ufundi wa viyoyozi, na kibanda changu kiko Madungu. Sishughulikii mitambo ile mikubwa ya maofisini yenye mabomba darini. Vyangu ni hivi vya majumbani, vipande viwili, kimoja kimetundikwa ukutani ndani ya chumba na kimoja kimekaa nje kinatema joto. Na kama kuna kitu kinachonipandisha hasira katika kazi hii, ni neno gesi. Kiyoyozi kikidondosha maji, mtu anakwambia njoo ujaze gesi. Kikilia, gesi. Rimoti imekwisha betri, gesi. Nimesema mpaka koo limekauka kwamba gesi ya kiyoyozi si mafuta ya taa, haiishi kwa kutumika. Ikipungua ujue pana tundu, na fundi anayejaza bila kulitafuta tundu ni mwizi tu. Nani anasikia? Hayo tisa. Kumi ni pale mtu anapoiacha gesi akaenda kwenye ushetani.

Basi siku hiyo alinijia kibandani mama mmoja mtu mzima wa Mgogoni, Bi Mwanakombo. Alikaa juu ya boksi la vifaa bila kukaribishwa, akafungua moyo. Mwanawe, Riziki, alikuwa amefiwa na mumewe Faki na yuko eda katika nyumba ya mumewe Wawi. Faki alijilaza mchana kiyoyozi kikiwaka, hakuamka. Wakamwosha, wakamkafini, wakamzika. Haikupita wiki, kiyoyozi kile kikaanza vitimbi. Kinalia kama mtu mwenye pumu. Kinajizima na kujiwasha. Kinamwaga maji mpaka ukuta umefanya mistari, na kinatoa harufu. Shaame, ndugu wa Faki kwa baba, akawaita watu wakasimama dirishani wasikilize, akawaambia kwamba yule ni Faki analia, anamlilia aliyemla.

Umeelewa maana yake? Riziki kamla mumewe. Riziki mchawi. Sisi wa kisiwa hiki tunajua uzito wa neno hilo, likishakukalia hata maji ya mtungi wako watu hawayanywi. Na Shaame alikuwa na hesabu yake nyingine. Mwanamke akiikimbia nyumba kabla eda haijaisha, atasemwa kuwa kaivunja, na akiikimbia kwa hofu ya maiti, ndiyo kakiri. Hapo nani atamtetea apate fungu lake la urithi? Nyumba na mikarafuu ya nyuma vitabaki kwa Shaame. Bi Mwanakombo aliniambia mganga atakuja siku hiyo hiyo baada ya Magharibi kumtoa Riziki mbele za watu kuwa ndiye mchawi.

Niliwaka. Nakwambia kweli, niliwaka kuliko kiyoyozi kilichokosa feni. Kulia, kumwaga maji, harufu, kujizima, hakuna hata moja hapo ambalo sijalitengeneza mara chungu nzima. Nikatia vifaa kwenye mkoba, nikampakia bibi wa watu kwenye vespa, huyoo Wawi.

Barazani tulimkuta Shaame na wenzake, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawasawa, utadhani amealikwa harusini. Nilitoa salamu, wakaitikia. Shaame akaniuliza:

"Fundi, waja tengeza mashine au waja zika maiti mara ya pili?"

Wakacheka. Nikameza mate, nikavua viatu, nikapita. Mzee mmoja jirani, Mzee Kombo, ndiye peke yake ambaye hakucheka.

Ndani mna ukumbi mrefu, vyumba huku na huku, na mwisho wake uani. Bi Mwanakombo akaninyooshea kidole chumba cha katikati chenye pazia zito la kitenge. Akasema, chumba chake kile pale. Kabla hajaongeza neno tukasikia Shaame kule nje anawasimulia watu namna mganga atakavyomtoa mchawi kwa fimbo. Mama akageuka mbio kwenda kumkabili. Mabishano yakaanza, nami nikabaki ukumbini na mkoba wangu.

Sasa nieleze desturi yetu, ili usije ukaniuliza kwa nini sikuingia tu. Mwanamke aliye eda haonwi na mwanamme asiye maharimu wake. Hata nyumba isiyo na msiba, mume akiwa safarini, fundi haingii chumbani kwa mkewe hivi hivi. Kwa hiyo tumezoea kufanya kazi kwa pazia. Mimi nakaa ukumbini nasema, mwenye chumba yuko ndani anafanya. Nimetengeneza viyoyozi vingi kwa mtindo huo, na matatizo mengi, wallahi, hayahitaji zaidi ya masikio ya fundi na mikono ya mwenye nyumba.

Nikapiga hodi. Sauti ya mwanamke ikajibu karibu karibu kabisa na pazia, "Karibu fundi." Sauti laini, iliyotulia. Nikampa pole ya msiba, hakuitikia. Nikamwuliza kiyoyozi kina nini.

"Chadondosha maji, na baridi hakitoi," akasema. "Siye twalalia joto siku hizi."

Siye. Mimi nikajua yeye na mama yake. Wewe ungejua nani?

Nikamwambia achukue rimoti, atazame kama kioo chake kinaonyesha namba. Kinaonyesha. Basi betri ni nzima. Nikamwuliza alama gani imewaka pale juu, maana watu wengi hubonyeza ovyo wakakiweka kwenye alama ya feni au ya tone la maji, kisha wanalalamika hakuna baridi. Nikamwambia atafute ile ya kinyota chenye miguu sita. Akasema ndiyo iliyowaka. Nikamwambia aweke ishirini na nne, inatosha kwa chumba cha kulala.

"Kumi na sita," akajibu. "Bwana hapendi joto."

Huruma ilinishika. Nilisema moyoni, maskini, hajazoea bado. Mama yangu mzazi aliendelea kumwekea baba sahani ya futari Ramadhani nzima baada ya kumzika, na akimtaja anamtaja kama aliyetoka tu kwenda dukani. Mwenye msiba husamehewa ulimi wake. Nikamwacha na kumi na sita yake.

Kiyoyozi kikawaka. Nilikisikia kwa masikio haya kinavuta pumzi kwa taabu, kinakwaruza, upepo wake hafifu hata pazia halikutikisika. Ugonjwa huo naujua. Filta ikijaa vumbi hewa haipiti, mabomba ya ndani yanaganda barafu, barafu inagusa feni ndiyo unasikia kilio, kisha inayeyuka ndiyo unaona maji. Faki na ndugu zake wote hawamo hapo. Nikamwambia azime swichi ya ukutani kwanza, kisha apande juu ya kiti, afungue kifuniko cha mbele, atoe zile nyavu mbili anipe nikazioshe.

"Nafika," akasema.

Nikamwambia hapana, asijinyooshe akaja akaanguka, viyoyozi hivi huwekwa juu karibu na dari. Akarudia vile vile kwamba anafika. Nikasikia kifuniko kinafunguka, tak. Nikasema kumbe Faki alioa mwanamke mrefu. Na wakati huo huo, mwisho wa chumba, nikasikia kitanda kinalia kama kinavyolia mtu akijigeuza ubavu. Nikajiambia mbao za kitanda zinafanya hivyo kwa joto. Unajua, mtu akiwa na kazi mbele yake hujiambia mambo mengi.

Kisha pembeni ya pazia ukatoka mkono umeshika filta.

Uliingia ukumbini mpaka juu kidogo ya kifundo, na ulikuwa umepambwa. Hina ya kucha, hina ya viganjani, na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, imechorwa maua yakapanda yakapotelea nyuma ya kitenge. Hina mbichi, ile ya jana au ya asubuhi, bado ina ule wekundu wa moto. Na udi ulinipiga puani kama nimefungua mlango wa chumba cha bibi harusi. Nikapokea filta, vidole vyangu viwili vikagusa vyake. Vilikuwa baridi kuliko bomba la gesi.

Unadhani niliogopa? Sikuogopa hata chembe. Nilikasirika. Mwanamke aliye eda hatii hina, hajifukizi udi, hapaki wanja. Watoto wadogo wanalijua hilo. Nikasema moyoni, kumbe! Mimi nimekuja hapa kupigana na watu kwa ajili ya mtetewa huyu, mama yake kule nje anatukanwa kwa ajili yake, na yeye kajipamba mumewe hajakauka kaburini. Labda Shaame ana haki. Ndiyo, hilo nalo lilinipitia, na mpaka leo nikikumbuka namna lilivyonipitia upesi, naona jinsi mtu anavyohukumiwa kwa kitu kidogo.

Nikamtupia neno. Nikasema, kwa sauti ya kumchoma, "Mungu akupe subira, bibi."

Nyuma ya pazia akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliye nyumbani kwake na raha zake.

"Subira ya nini, fundi?"

Nikachukua filta zangu, nyeusi kwa vumbi, nikaenda uani kutafuta maji, huku nimefura.

Uani palikuwa na mwanamke anaanua nguo. Aliponiona akajivuta kanga mpaka usoni. Mfupi, kama angesimama mbele yangu kichwa chake kingenifika kwapani. Kanga zake zimepauka, na vidole vilivyoshika kanga vilikuwa vitupu, vikavu, kucha hazina hata doa. Akasema kwa aibu:

"Samahani, fundi. Mama hakunambia kama wesha kuanza. Ufunguo nnao mie."

Nikamwuliza yeye ni nani.

"Mie ndiye Riziki."

Nilisimama pale, filta mkononi, mdomo wazi. Nikamwuliza, basi mle chumbani yumo nani? Akasema hamna ntu. Tangu maji yalipozidi wamehamia chumba cha nyuma yeye na mama yake, na mlango wa chumba kile ameupiga kufuli. Akanionyesha ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga.

Turudi pamoja ukumbini, wewe na mimi. Nilinyoosha mkono nikalivuta pazia. Nyuma yake palikuwa na mlango umefungwa, na juu ya mlango kufuli, na kufuli limefungwa. Riziki akalitazama kufuli, akazitazama filta. Nikamweleza kwa ufupi juu ya mkono wa hina ulionipa. Alifungua, tukaingia yeye mbele mimi nyuma, na eda ikatusamehe kwa dakika hizo.

Chumba kilikuwa kitupu. Dirisha lina nondo. Swichi ya ukutani imezimwa. Kifuniko cha kiyoyozi kimeachwa wazi kinaning'inia, na mahali pa filta pako patupu. Udi umejaa chumba kizima. Na kitanda, ambacho Riziki aliniambia alikitandika mwenyewe akavuta shuka mpaka likanyooka, kilikuwa kimelaliwa. Mito miwili, yote miwili imebonyea.

Ningekimbia. Usinione fundi, mimi pia nimezaliwa na mwanamke. Kilichonizuia ni sauti ya Shaame kule nje, anamwambia mama mtu mzima kwamba kazaa jini. Hasira ilinishika miguu. Nikasema nitakimaliza kiyoyozi hiki hata kama Faki mwenyewe atashuka kutoka darini kunishikia bisibisi.

Nikaziosha filta, nikazirudisha. Nikafungua kile kisahani kinachokinga maji, nikakuta maji yamesimama na mjusi amefia humo. Hiyo ndiyo harufu ya maiti waliyoisikia dirishani. Kisha nikatoka kwa mlango wa uani nikazunguka nyuma ya nyumba kutazama mashine ya nje. Nilichokiona huko kilinifanya nisahau mpaka ule mkono.

Bomba la kutolea maji lilikuwa limesindiliwa tambara kwa kijiti, ndani kabisa, mpaka nikalitoa kwa koleo. Halikuingia kwa upepo. Na mashine yenyewe ilikuwa imeviringishwa jamvi la kuanikia karafuu, likakazwa kwa kamba pande zote. Unajua maana yake? Mashine ile kazi yake ni kutema joto. Ukiifunga, joto linairudia, inachemka, inajizima isiungue, ikipoa kidogo inajiwasha, inachemka tena. Hiyo ndiyo roho ya Faki iliyokuwa inakuja na kuondoka.

Nikalibeba jamvi begani na tambara mkononi nikatokea barazani kwa mbele. Nikalibwaga chini mbele ya miguu ya watu. Nikawaeleza moja moja, na sitaki kukuficha, nilikuwa napiga kelele. Tambara hili limeziba maji, maji yakarudi ndani. Jamvi hili limeifunga mashine pumzi. Vumbi limefanya barafu, barafu imefanya kilio. Mjusi kafa, basi, mjusi. Nikawauliza jamvi ni la nani.

Mzee Kombo akainama, akaligeuza upande kwa fimbo yake, akasema pole pole, "Jamvi hili la Shaame. Mwaka jana kaniazima mie, nkalichoma kwa sigara pembeni hapa."

Shaame akasema alilifunga kuikinga mashine na mvua. Watu wakatazama mbingu, hakuna hata wingu. Na mtu akibanwa ndipo anapotafuta pa kuuma. Akaninyooshea kidole:

"Na mle ndani wali waongea na nani? Nimekusikia. Riziki alikuwa uani, twalimuona hapa akipita. Wali waongea na nani?"

Wote wananitazama, na Bi Mwanakombo naye ananitazama. Hebu jiweke pale. Nikisema nimeongea na mtu asiyekuwepo, kazi yangu yote imekwenda na maji, mganga atakuja, na Riziki atatolewa kwa fimbo. Nikisema sikuongea, nitakuwa mwongo mbele ya wazee.

"Nimeongea na mwenye chumba," nikasema.

Uongo uko wapi hapo? Mzee Kombo akasimama akasema maneno yamekwisha, mganga arudishwe njiani, na Riziki atamaliza eda yake katika nyumba ya mumewe kwa salama. Shaame alivaa makubadhi yake akaondoka bila kuaga, na jamvi lake akaliacha.

Ningependa kisa kiishe hapa, nami nipate sifa zangu. Haki imepatikana, mjane ametetewa. Riziki alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, akaoshwa, akabadilishwa nguo, urithi ukagawanywa na Shehe, nyumba ikaangukia fungu lake. Neno la uchawi likafa. Nikajua yamekwisha.

Siku moja akaja kibandani na mama yake. Bi Mwanakombo akabaki nje na jirani, Riziki akaingia, akakaa. Akanieleza kwamba ameposwa. Mwalimu wa madrasa, mtu mwema, mkewe alitangulia mbele ya haki. Nikampongeza. Hakufurahi. Akasema ana suala moja, na amekuja kwangu kwa sababu hana mwingine wa kumwuliza.

"Ule nkono, fundi. Hina yake ilikuwa kuukuu au mbichi?"

Nilijaribu kulikwepa. Nikamwambia ayaache, majini wana mambo yao, asome Yasini aendelee na maisha yake. Akaningoja nimalize. Kisha akasema, bila kulia, kwamba tangu alipoolewa Alhamisi hazikuwa zake. Kila Alhamisi baada ya Alasiri Faki alijifungia chumba kile kiyoyozi kikiwaka, akamwambia asimgongee, anapumzika. Anatoka ananukia udi. Yeye nyumbani kwake udi hafukizi, unampa kichwa. Na Faki alikufa siku ya Alhamisi.

Akaniuliza tena. Mbichi au kuukuu?

Nawe unaelewa alichokuwa anauliza. Hina kuukuu, iliyokwisha kupanda kuchani, ingekuwa ya zamani, ya wakati Faki yuko hai. Lakini hina mbichi ni ya mwanamke ambaye hana eda. Na mke, hata awe jini, hakosi eda ila mumewe awe hajafa. Kisiwa chetu kina maneno ya kale juu ya watu waliochukuliwa na majini, kikazikwa kigogo cha mgomba kimevikwa sanda na watu wote wakakiona ni maiti. Nilikuwa nayacheka hayo. Siye twalalia joto. Bwana hapendi joto. Mito miwili.

Ningeweza kumdanganya. Lakini amenijia kwa sababu mimi ndiye shahidi, naye ana haki ya ushahidi wangu. Nikamwambia ilikuwa mbichi.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa anaijua. Akasema, "Basi mie ni nke wa ntu."

Hakuolewa. Shehe alimwita akamweleza kwamba sheria inafuata yanayoonekana, mumewe kaoshwa kasaliwa kazikwa, yeye ni huru kabisa. Akamjibu kwa adabu, "Shehe, weye wamjua aliyezikwa. Mie namuulizia anayelala mle chumbani." Mwalimu alingoja, kisha akaoa kwingine, na hakuna wa kumlaumu.

Mimi nina vidole viwili, hivi hapa, vya mkono wa kulia, ambavyo tangu siku ile havijapata joto. Mke wangu hataki nimguse navyo. Hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni Riziki. Chumba kile kina kufuli na swichi imezimwa, waya nimeukata kwa mkono wangu mwenyewe, lakini Alhamisi ikifika bomba la nje linadondosha maji, tone kwa tone, kama la kiyoyozi kilichowekwa kumi na sita. Riziki anaweka ndoo, ikijaa anakwenda kuimwaga barabarani. Hamwagilii hata mchicha.

Mafundi wenzangu, mkifanya kazi kwa pazia, mwulizeni mwenye chumba jina lake na la baba yake kabla hamjagusa bisibisi, na mvute pazia mwone kama mlango uko wazi. Haya ni madogo. Kubwa nililobaki nalo ni hasira, na siku hizi si juu ya Shaame, yeye nilimtoa mbele za watu na jamvi lake likamuumbua. Hasira yangu ni juu ya Faki. Popote alipo, yuko kwenye baridi yake, anahudumiwa, na huku nyuma mwanamke kamlilia, kamkalia eda kwa uaminifu, kapigania jina lake, na sasa si mjane wala si mke.

Kwa hiyo nasema na wewe mwanamme mwenzangu unayesoma haya, uwe umependwa na binadamu au na asiyekuwa binadamu. Ukitaka kwenda zako, nenda. Lakini mpe mkeo talaka yake. Usimpe maiti.